Ndege ya Vita Ambayo Ningalipenda Kuirusha

Miongoni mwa maswali wayapendayo wasomaji wa tarehe za vita, liko moja lisilochakaa: lau mtu angalizaliwa zamani kidogo, akafunzwa urubani, kisha akapewa hiari, angalirusha ndege gani, na juu ya medani ipi? Wengi hujibu kwa haraka, nao hutaja Spitfire juu ya mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1940, au ndege nyingine iliyosifiwa kwa mbio na umbo lake. Nami siwalaumu, kwa kuwa ndege hizo zilistahili sifa zao, na waliozirusha walikuwa mashujaa. Lakini mtu akaaye Njoro, hapa Moshi, hawezi kulijibu swali hili bila ya kuitazama kwanza nchi inayomzunguka, maana mashariki yake iko njia ya Himo na Taveta, kusini iko Kahe na misitu ya mto Ruvu, na juu ya yote umesimama mlima Kilimanjaro, uliokuwa mbele ya macho ya marubani wa vita mwezi wa Machi 1916, wakati ambapo wenyeji wengi wa hapa walikuwa hawajapata kuona hata motokaa. Kwa hiyo nimeona heri niyapitie mambo kwa taratibu, medani baada ya medani, nipime ni ipi ambayo ningaliiendea kwa moyo radhi.

Kisa cha ndege za vita katika nchi yetu hakikuanzia mlimani, kilianzia mikokoni. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliingia Unguja alfajiri, ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe, kisha ikarudi kujificha ndani ya milango ya Rufiji, mahali ambapo mikono ya mto ni mingi, maji ni machache, na mikoko imefunga kama ukuta. Waingereza waliokuwa nje baharini walijua kuwa imo humo, lakini hawakuweza kuiona wala kuifikia kwa mizinga yao. Na hapo ndipo walipoikumbuka ndege. Rubani wa kwanza aliyetumwa alikuwa H. Dennis Cutler, aliyekutwa Durban akiwaonyesha watu maarifa ya kuruka kwa ndege ya majini aina ya Curtiss. Mitambo ya ndege hiyo haikuwahi kufikiriwa kwa joto la pwani yetu, na rejeta yake ilipoharibika ilibidi itafutwe rejeta ya motokaa ya Ford ili aruke tena. Hata hivyo aliiona manowari, akaleta habari; na mwezi wa Desemba mwaka ule ule mashine ikamwangusha mtoni, akachukuliwa mateka.

Zilizoletwa baada yake ni ndege za majini aina ya Sopwith, nazo pia zilishindwa na hali ya hewa: gundi iliyoshika mbao zake ililegea kwa joto na unyevu, na mara nyingi hazikuweza kunyanyuka na watu wawili na mabomu. Waingereza walipokwisha kukiteka kisiwa cha Mafia, Januari 1915, walifyeka uwanja wa kurukia, wakaleta ndege za nchi kavu aina ya Caudron na Henri Farman, na katika moja ya Henri Farman hizo, tarehe 11 Julai 1915, walipanda John Cull, rubani, na Harwood Arnold, mtazamaji. Ndege ile haikuwa na mwili wa kumsitiri mtu: watu wawili waliketi mbele kabisa, wazi kwa upepo na kwa risasi, na mashine ilinguruma nyuma yao. Kazi yao siku ile ilikuwa kuzunguka juu ya Königsberg na kuziambia kwa simu ya upepo manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeingia mtoni, kila kombora limeangukia wapi, mbele au nyuma, kulia au kushoto, mpaka shabaha ipatikane.

Shabaha ilipopatikana, mizinga ya Wajerumani nayo iliipata ndege. Mashine ilipigwa, Cull akaanza kuishusha taratibu kuelekea mtoni, na Arnold, akijua kwamba wanaanguka, aliendelea kugonga ishara zake, akawaarifu wenzake kuwa wamepigwa na wapelekewe mashua, kisha akawaelekeza tena walete makombora yao kidogo nyuma, katikati ya manowari. Ndege ikapiga maji na kupinduka. Cull akanaswa na mikanda, Arnold akamsaidia kutoka, na mashua ikawaokoa wote wawili. Königsberg haikutoka tena Rufiji. Nikisoma habari za dakika zile husimama hapo kwa muda, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo mtu ameishika kazi yake kwa utulivu namna ile hali ardhi inamjia usoni. Kama ujasiri peke yake ndio ungalikuwa mizani ya uchaguzi wangu, ningaliishia Rufiji, nikaandika jina la Henri Farman, nikaweka kalamu chini.

Lakini manowari iliyokufa ilizaa balaa nyingine. Wajerumani waliivua mizinga yake kumi, wakaikokota hadi nchi kavu na kuifanya mizinga ya jeshi la bara, na mmoja wapo ukafika huku kwetu, ukawekwa Kahe, mwendo mfupi kutoka hapa Njoro. Moshi katika siku zile haukuwa mji wa kando: reli ya kutoka Tanga ilikuwa imefika tangu 1911, na hapa ndipo alipoweka makao yake Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa askari wa Kijerumani, akiutazama mpaka wa Kenya. Upande wa pili Waingereza walikuwa wakijenga reli yao kutoka Voi, wakapita Maktau, wakafika Mbuyuni. Na Mbuyuni ndipo lilipofanya kituo kikosi cha ndege namba 26, kilichoundwa kwa watu wa Afrika Kusini, ambacho kilishuka Mombasa tarehe 31 Januari 1916 na ndege zake aina ya BE2c, zikafuatwa na Henri Farman.

BE2c ilikuwa ndege ya viti viwili, ya mbao, nyaya na kitambaa, yenye mabawa mawili yaliyopandana na mashine ya nguvu za farasi 90. Mbio zake zilizidi kidogo kilomita 110 kwa saa. Katika anga ya baridi ya Ulaya ilisifiwa kwa utulivu wake, lakini katika hewa nyepesi ya mchana wa nyika, juu ya ardhi ambayo yenyewe tayari iko juu, ilipanda kwa shida na kutikiswa na hewa ya moto kila upande. Wala macho ya rubani hayakuona yote. Tarehe 12 Februari 1916, kilima cha Salaita kiliposhambuliwa, mizinga ya Waingereza ilikipiga kileleni ilhali mahandaki ya maadui yalikuwa chini kabisa kwenye nyayo za kilima, yamefunikwa na vichaka. Na askari wa Afrika Kusini waliosonga mbele wakidhani kazi imekwisha walipokewa kwa risasi. Mtu aliyelala chini ya mgunga haonekani kutoka angani, na vita vya hapa vilikuwa ni vya watu waliolala chini ya migunga.

Mwezi uliofuata Jan Smuts, jemadari mpya, alianza mashambulio yake. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi watu walipigana kwa singe gizani kwenye vilima vya Latema na Reata, karibu na Taveta. Tarehe 13 Waingereza wakaingia Moshi, nao Wajerumani wamekwisha kuuacha. Na tarehe 21 ikapigwa Kahe, ambako ule mzinga wa Königsberg ulinguruma mpaka wenyewe wakauvunja kwa baruti wakauacha, wakarudi nyuma kufuata reli na mto. Hivyo chuma kilichovuliwa baharini Rufiji kikaishia porini kwetu, na ndege zilizoitafuta manowari na ndege zilizouzunguka mzinga wake zikawa zimetenda kazi ya kisa kimoja.

Sasa nikijiweka katika kiti cha rubani cha BE2c, nimepaa kutoka Mbuyuni, Kilimanjaro mkono wa kulia, Milima ya Pare ikijitokeza mbele, najiuliza: ningaliona nini? Askari wa maadui wangalinificha sura zao. Ambacho kisingalifichika ni msururu wa watu wasio na bunduki, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mzigo kichwani, kwa maana jeshi lile lote, la pande zote mbili, lililishwa kwa vichwa vya wapagazi. Farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo, motokaa zilizama matopeni, na kila kilichobaki kubebwa, unga, risasi, dawa, mahema, kilibebwa na mtu. Yafaa tuifanye hesabu yao kwa makini, kwani vitabu vingi vya vita vile huipita mbio. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 50 au 60. Kama mzigo huo ni chakula, na yeye mwenyewe anakula ratili mbili tu kwa siku, basi akienda siku 13 na kurudi siku 13 mzigo wote ameumaliza yeye, na askari aliyemkusudia hakupata hata kibaba. Kwa hiyo kila hatua ambayo jeshi lilizidi kwenda mbele ilidai wapagazi juu ya wapagazi, wengine wakiwabebea chakula wenzao, na watu wakatolewa vijijini kwa maelfu, kwa hiari na kwa nguvu.

Masika ya 1916 yalidhihirisha ubaya wa hesabu hiyo. Jeshi la van Deventer, jemadari aliyekuwa chini ya Smuts, lilikuwa limepelekwa mbio kutoka upande wa Arusha mpaka Kondoa Irangi. Mvua za Aprili zikafunga njia nyuma yake, na kutoka Lolkisale hadi Kondoa wapagazi walivuka matope na mafuriko kwa mwendo wa karibu kilomita 200, huku watu waliowangojea wakishinda na njaa na homa. Ndege zilikuwapo nchini wakati huo huo, na hakuna hata moja iliyoweza kuwapelekea gunia la unga, kwa sababu ziliwatosha kwa shida rubani na mtazamaji wake. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa vita vyote, wengi wao kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu, walizidi 40,000 kwa waliohesabiwa, na wasiohesabiwa Mungu ndiye awajuaye. Kambi yao ya Dar es Salaam ilikuwa pale ilipo Kariakoo leo. Tangu nilipoielewa hesabu hii siwezi tena kuipenda BE2c, ingawa iliruka juu ya nchi yangu. Maana yaliyo muhimu yalikuwa yakitembea kwa miguu chini yake, nayo haikuwa na la kuyafanyia.

Wajerumani nao walifikiri kwamba angani yaweza kupita shehena. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani L59, yenye urefu wa mita 226, iliondoka Yambol katika Bulgaria chini ya nahodha wake Ludwig Bockholt, ikiwa na tani 15 za risasi, dawa na vifaa kwa ajili ya Lettow-Vorbeck. Haikukusudiwa kurudi. Ilipangwa kwamba ikifika ivunjwe na kila kiungo chake kitumike: kitambaa chake kiwe mahema, nguo na bendeji, ngozi iliyotandikwa kwenye njia yake ya ndani iwe viatu, na vyuma vyake viwe milingoti ya simu ya upepo. Ilivuka bahari ya kati, ikavuka jangwa la Misri, na ilipokuwa magharibi ya Khartoum, usiku wa kuamkia tarehe 23, ikapokea amri ya kurudi, kwa kuwa ilidhaniwa Berlin kuwa mambo ya Lettow-Vorbeck yamekwisha. Ilirudi Yambol tarehe 25, imekaa angani saa 95 na kwenda kilomita zipatazo 6,800. Na siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma huko Ngomano, kuingia nchi ya Wareno. Tani 15 ni mizigo ya wapagazi wapatao 600. Nadhani hakuna safari ya angani katika vita vile iliyokuwa na maana kubwa kuliko hiyo, ijapokuwa haikufika, na lau ningalikuwa mtu wa kuvutwa na maajabu ningaliomba nafasi ndani yake.

Vita vya pili vilipozuka, kijana Roald Dahl, aliyekuwa karani wa kampuni ya mafuta Dar es Salaam tangu 1938, alikwenda Nairobi mnamo Novemba 1939 akajifunza kuruka kwa Tiger Moth, kichwa chake kirefu kikitokeza juu ya kioo. Mwenyewe amesimulia kwamba katika wanafunzi 16 wa fungu lake, 13 waliuawa angani katika miaka miwili. Alianguka jangwani Septemba 1940 akaumia vibaya, akapona, na Aprili 1941 alikuwa Ugiriki na ndege ya Hurricane, katika kikosi kidogo kilichobaki kupambana na Wajerumani waliokuja kwa wingi usio na kifani; tarehe 20 ya mwezi huo, juu ya Athens, aliuawa Pat Pattle wa Afrika Kusini, mmoja wa marubani hodari kupita wote wa upande wa Waingereza. Hurricane ni ndege ambayo kijana yeyote angaliitamani. Lakini kijana wa Moshi hakuitwa Nairobi kufunzwa urubani. Wako Waafrika wa magharibi waliopata kuruka na jeshi la anga la Uingereza, kama Peter Thomas wa Nigeria aliyekuwa rubani, na Johnny Smythe wa Sierra Leone aliyekuwa mwongoza njia ndani ya ndege za mabomu mpaka akaangushwa Ujerumani mwaka 1943. Wa kwetu, ambao walizidi 80,000 kutoka Tanganyika peke yake, waliitwa kwenda kwa miguu.

Niruhusiwe niiruke miaka kidogo niitaje medani iliyo yetu wenyewe, maana haitakuwa haki kuiacha. Katika vita vya Kagera marubani wa JWTZ waliruka kwa MiG wakiwa Watanzania juu ya nchi ya Watanzania, na baadhi yao walilipa kwa namna chungu: mwanzoni mwa vita, Novemba 1978, ndege tatu ziliangushwa Musoma na wenzao ambao hawakuarifiwa kuwa zinakuja. Mwezi wa Machi 1979, hapa hapa Moshi, Waganda waliokimbia udhalimu wa Idi Amin walikutana wakaunda umoja wao wa UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuwaongoza. Siku chache baadaye, tarehe 29, ndege ya Libya aina ya Tupolev ilikusudia kuipiga Mwanza, na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Ndege zetu zikajibu kwa kupiga Uganda, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Ni fahari kubwa kuwa mwananchi wa nchi iliyo na marubani wa namna hiyo, nami nawaheshimu kwa moyo wote. Lakini ndege za mbio hupita juu ya vita kwa dakika, na ushindi wa vita vile ulipatikana kwa askari waliotembea kutoka Mutukula hadi Kampala na kwa mizinga iliyowafuata. Moyo wangu uko kwa atembeaye.

Basi nimechagua Burma, mwaka 1944, na ndege yangu ni Dakota.

Mnamo Agosti mwaka huo Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini, ilianza kuteremka kutoka Tamu kufuata bonde la Kabaw, ikiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Ilikuwa katikati ya mvua za kusi ambazo huko hunyesha kwa miezi bila ya huruma. Bonde lenyewe lilikuwa na jina baya kwa malaria na homa ya utitiri wa majani. Barabara iligeuka tope la kumfika mtu magotini, na magari yakabaki nyuma. Mambo yote yaliyolitesa jeshi la van Deventer pale Kondoa, miaka 28 kabla, yalikuwa yamekusanyika tena, na kwa hesabu ya zamani wangalihitajika wapagazi makumi ya elfu, na makaburi yao kando ya njia.

Badala yake ilikuja Dakota. Haikuwa na bunduki hata moja. Ilikuwa na mashine mbili za nguvu za farasi 1,200 kila moja, mlango mpana ubavuni ambao ulikwisha kung'olewa, na ndani yake tani mbili na nusu au tatu za shehena, yaani mizigo ya wapagazi zaidi ya 100, iliyofika kwa muda mfupi bila ya kuliwa ratili moja njiani. Rubani aliingia bondeni chini ya mawingu, milima pande zote mbili, akitafuta moshi au vitambaa vilivyotandikwa na askari kwenye uwazi mdogo wa msitu. Akipata, alipunguza mbio, akashuka karibu na vilele vya miti, na taa au kengele ilipotoa ishara wale waliokuwa mlangoni walisukuma magunia kwa mikono na miguu, wamelala chali wengine, kisha ndege ikapinda na kurudi tena, na tena, mara nyingi kwa kuwa uwanja ulikuwa mfupi na kila mpito ulitosha magunia machache tu. Risasi na dawa zilishuka kwa miamvuli. Mchele na unga vilitupwa hivi hivi: gunia la ndani limejazwa na kushonwa, likatiwa ndani ya gunia kubwa lililolegea, ili la ndani likipasuka kwa kishindo chakula kibaki katika la nje. Mtu aliyefikiri magunia mawili yale alikuwa ameielewa njaa ya askari, na mimi namhesabu pamoja na mashujaa.

Hatari ilikuwapo ya kutosha. Dakota nyingi zilipotelea katika mawingu ya mvua za kusi yaliyoweza kuikunja ndege, au ziligonga milima, au zilikutwa na ndege za Wajapani hazina la kujitetea. Na gunia la mchele likimwangukia mtu humwua, jambo lililowapata baadhi ya askari waliokimbilia uwanjani kabla ya ndege haijaondoka. Rubani alitakiwa asubiri, ahesabu, arudie, asiache magunia yaangukie upande wa Wajapani. Ni kazi ya subira kuliko ya hasira, nayo ilifanywa siku baada ya siku na vikosi vya Waingereza na Wamarekani kwa ajili ya watu ambao hawakuwaona nyuso. Majeruhi nao waliondolewa kwa ndege ndogo zilizotua kwenye vijiuwanja vilivyofyekwa msituni, wakafika hospitalini siku ile ile, hali baba zao katika vita vya kwanza walichukuliwa kwa machela mwendo wa siku nyingi, na wengi hawakufika.

Tarehe 2 Desemba 1944 askari wa Divisheni ya 11 waliingia Kalewa, wakavuka Chindwin na kushika ng'ambo yake, na juu ya mto ule wahandisi wa jeshi wakatandaza daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Divisheni ilipumzishwa, majeshi mengine ya jemadari Slim wa Waingereza yakapita juu ya daraja kuelekea Mandalay, na Dakota zikawafuata huko na mchele wao.